Uso Chini ya Beseni

Wingu likijitokeza upande wa kiwandani, Bi Ng'arisha hakaliki. Mikono yake huendelea na kazi, maana imezoea kiasi kwamba haimhitaji mwenyewe, lakini shingo ndiyo haitulii: inageuka, inarudi, inageuka tena, kama ya kuku anayetafuta pa kutagia. Siku hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango mkubwa wa mahakama akisugua vitasa vya shaba, na upepo ulikuwa umegeuka tangu asubuhi. Moshi uliokuwa ukielekea mabondeni sasa ulikuja mjini, mzito, wenye harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa karibu na pua.

Karani mmoja alipita akamtania kwamba leo ataondoka na kitasa mkononi. Bi Ng'arisha alikuwa akilipima wingu kwa macho, litafika uwanjani saa ngapi, na kama miguu yake italiwahi.

Jina hilo la Bi Ng'arisha alipewa na makarani hao hao, na lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi. Kila ofisi yenye shaba mlangoni ilimjua. Dawa yake ilikuwa moja: ndimu iliyokatwa nusu, ikachovywa kwenye chumvi, ikasuguliwa hadi ile kutu ya kijani iishe, kisha majivu laini, kisha kitambaa kikavu. Alifundishwa na mama yake, aliyekuwa mfagizi wa ofisi ya mji, na mama alikuwa akisema kwamba kitu kikishindikana kwa ndimu basi kina laana. Zamani shaba ilikuwa ikisuguliwa leo inakaa inang'aa hadi watu waisahau. Sasa hapana. Unasugua, unageuka kumsalimia mtu, ukirudi ina kijani tena. Mwenye kazi yake angefurahi kwamba kazi haiishi, lakini Bi Ng'arisha hakuwa mjinga. Alijua kinachokula shaba hakitaishia kwenye shaba.

Na kweli hakikuishia. Mabati ya mji mzima yalikuwa yametoboka mpaka ukilala chali unaona nyota bila kutoka nje. Mchicha ulitoka na madoa kama uliorushiwa mafuta ya moto. Misonobari ya kilimani ilibaki vijiti kwa upande unaotazama kiwanda, na kwa upande wa pili bado ina majani, ukiipita unaona nusu mti mzima, nusu maiti. Bwawa la chini lilikuwa safi ajabu, unaona mpaka chini, na wageni walilisifu. Wenyeji walijua ni safi kwa sababu hamna kilichobaki hai cha kulichafua. Sababu ya yote hayo wakubwa waliiita mvua ya tindikali. Watu wa kawaida waliiita mvua ya kiwanda, na waliposema hivyo waliangalia kwanza kama pembeni hakuna aliyekuwa na ndugu huko.

Bi Ng'arisha alikuwa naye. Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, aliyemlea kwa mikono yake.

Tone la kwanza lilipogonga ngazi za mahakama, aliacha kitasa kimoja kina chumvi, akatupa ndimu kwenye mfuko wa aproni, akachukua turubai lake lililokunjwa kando ya ndoo, akatoka mbio. Mtu mzima, goti bovu, anakimbia mvuani huku ameshika turubai badala ya kujifunika nalo, watu walishazoea. Walisema anakwenda kumfunika mama yake, na walisema bila kucheka sana, maana ilikuwa kweli.

Uwanjani palikuwa na sanamu. Mama mmoja wa marumaru nyeupe amesimama juu ya kisima cha bomba, beseni kubwa kichwani, mkono mmoja umelishika ukingo, uso umeinama kidogo kama anaangalia asijikwae. Mji ulimwita Mama Beseni. Mchongaji alipopewa kazi ile, miaka mingi nyuma, alitafuta mwanamke wa kusimama mbele yake amwangalie, na wanawake wenye nafasi walikataa kusimama na beseni la maji hadharani. Mfagizi wa ofisi ya mji akasimama, kila alipomaliza kufagia, mimba ya mwisho ikiwa tumboni, na mchongaji akamchonga uso tu na mabega, tumbo akalificha kwenye mikunjo ya nguo. Sanamu ilipozinduliwa watu walisema: lakini huyu si yule mama wa fagio? Mama alicheka siku nzima. Kisha akajifungua mtoto wa kiume, na kabla mtoto hajajua kutamka neno, homa ikamchukua mama.

Basi binti mkubwa akabaki na kitindamimba mgongoni. Alimwita Kitinda, na hata alipoota ndevu aliendelea kumwita hivyo. Picha za mama zilikuwepo chache, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, lakini paa lilipoanza kuvuja, sanduku lilinywa maji masika nzima bila mtu kujua, na walipolifungua walikuta karatasi zimeshikana kama mkate uliolowa. Tangu hapo mama alibaki sehemu moja tu. Jioni dada alikuwa akimbeba mtoto hadi uwanjani, anamsimamisha kwenye ukingo wa kisima, anamwambia: huyu ndiye mama, mwangalie pua, umeichukua wewe. Kitinda hakuwahi kuuona uso mwingine wa mama yake. Alijifunza ule.

Na sasa uso ule ulikuwa unakwisha. Pua ilikuwa imebaki kinundu. Mdomo ulikuwa mstari. Macho yalikuwa mabonde mawili, laini kama sabuni iliyotumika, na mgeni angeweza kuapa kwamba mchongaji hakuwahi kuyamaliza. Bi Ng'arisha alipoutazama uso ule, kitu kilimkwangua kifuani, na kwa kuwa hakuweza kukikuna aliwakuna watu wengine kwa maneno.

Aliyekunwa zaidi alikuwa Kitinda. Kijana aliajiriwa kwenye tanuri za kiwanda, akaoa, akafanya maisha, na siku moja dada alimsimamisha uani, palepale kwenye ua wao mmoja wenye vyumba vinavyogusana ukuta, akamwambia aache kazi. Kitinda alisema hana kazi nyingine. Dada akasema, na majirani walisikia, kwamba basi achague, mshahara au mama, kwa sababu wao wa kiwandani wanamtafuna mama mchana kweupe. Akamalizia na ile methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Kitinda alifungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walisikiana wakikohoa ukutani, dada akapokea salamu kupitia kwa wifi yake na akazirudisha kupitia kwa huyo huyo wifi, kama watu wanaotumia posta kutoka chumba hadi chumba.

Alipofika uwanjani, mahali pake pa siku zote hapakuwa na nafasi. Mtu mwingine alikuwa amesimama pale: mwanamke mrefu mwenye koti la mvua, ambaye mji ulikuwa umempachika jina la mganga wa mawe. Alikuwa ameletwa kutibu nguzo za mahakama zilizokuwa zikimenyeka, na siku hizi mbili tatu alikuwa akionekana akiizunguka sanamu, akaiangalia, akaondoka. Bi Ng'arisha alikuwa akimsubiri kwa hamu kubwa. Alitaka neno moja tu kutoka kwenye kinywa cha msomi, kwamba kiwanda ndicho kilichokula uso huu. Alishaandaa mahali pa kulipeleka: mlango wa chumba cha jirani.

Alianza kukunjua turubai. Mganga alimshika mkono kwa upole.

"Samahani, mama. Leo usiifunike. Ninataka kuona maji yanapita wapi."

"Yanapita wapi kwani? Yanapita usoni. Huoni?"

"Njoo tusimame hapa tuone."

Wakasimama chini ya kibaraza cha ofisi ya mji, Bi Ng'arisha akihamisha uzito kutoka goti bovu kwenda zima na kurudi, turubai kifuani kama mtoto. Mvua ikaja kwa nguvu. Ilipiga beseni la marumaru, ikajaa, ikafurika kwenye ukingo, ikadondoka mstari kwa mstari juu ya mabega, ikateremka mikononi na kwenye mikunjo ya nguo. Mabega yalikuwa yamechakaa, yana chembechembe kama sukari. Mtu akiyapitishia kidole anaondoka na unga. Mganga alimwonyesha hayo na akasema ndiyo, hiyo ni kazi ya mvua, mvua yenye moshi ndani yake, na hakuna ubishi.

"Sasa angalia uso," akasema.

Aliangalia. Aliona ukingo wa beseni umetokeza mbele kama kofia pana, na maji yakianguka mbele ya uso, mbali nao kiganja kizima. Nyuma ya pazia lile la maji uso ulikuwa mkavu. Kulikuwa na tone moja lililorukia kidevuni, likaning'inia pale. Alikuwa amekuja kuifunika sanamu kwa miaka, na kila alipokuja alikuwa na haraka ya kufunika, hakuwahi hata mara moja kusimama akaangalia mvua ikinyesha juu yake.

Mganga alieleza polepole. Mahali pasipofikiwa na mvua, moshi unajikusanya na unyevu na kufanya gamba jeusi. Ni baya kulitazama, na kweli linalila jiwe taratibu, lakini chini yake umbo hubaki. Pua hubaki pua, jicho jicho. Uso huu ulitakiwa kuwa mweusi na mzima. Alikuwa haelewi gamba lilikwenda wapi. Akamuuliza kama anajua nani huisafisha sanamu.

Swali lile lilimkuta Bi Ng'arisha na majibu tayari, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Alisema ni yeye. Nani mwingine? Mji huu ungemwacha mama wa watu na uso mweusi kama sufuria. Yeye kila mwisho wa juma hupanda kwenye ukingo wa kisima, anamsugua mpaka weupe unarudi, mabega hayafikii vizuri kwa sababu ya goti lakini uso hauachi, na uchafu ulivyo mwingi, hutoka na povu. Akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa nusu ya ndimu yenye chumvi, akamwonyesha.

Mganga aliinama, akaokota kipande cha marumaru kilichomeguka chini ya kisima, akakipangusa kwa koti, akakiweka kwenye kiganja cha Bi Ng'arisha, akamwomba aikamue ndimu hapo. Bi Ng'arisha aliikamua. Kwenye jiwe lile safi, lisilo na hata alama ya uchafu, povu dogo likachemka, likasema sss, likatulia.

"Huo si uchafu unaotoka," mganga alisema. "Ni jiwe."

Wapo watu wanaopokea habari mbaya kwa kupiga kelele. Bi Ng'arisha alikunja turubai. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka chini, akaliokota, akalikunja upya. Mganga alijaribu kumpoza, akisema wengi wamefanya hivyo, hata wenye vyeti, shaba na marumaru ni vitu viwili na hakuna aliyemwambia. Akasema kazi ya sasa ni kuuacha uso kama ulivyo, asiuguse mtu. Na akasema kuna sikio. Sikio la kushoto, nyuma kidogo, mahali ambapo kitambaa cha kichwa kimepinda, mkono wa mtu aliyesimama kwenye kisima haukufika. Limekaa jeusi tii na limekamilika, hata tundu la hereni lipo.

"Nani alikwambia uje utazame hapa?" Bi Ng'arisha aliuliza.

Mganga alisita. Alikuwa ameombwa asiseme, lakini aliona hakuna cha kuficha tena. Kijana mmoja wa tanuri, alisema, alimfuata mahakamani na nguo za kazi, akamwomba akipata nafasi apite uwanjani. Hakueleza sana. Alisema tu aangalie chini ya beseni.

Mvua haikuwa imekatika alipoondoka. Alipita mahakamani bila kuingia, kitasa kile kilichoachwa na chumvi kikaendelea kuliwa. Alipita kwao bila kugeuza shingo. Alikuwa akizungumza peke yake, na mwenye kuzungumza peke yake hakosi, ila yeye siku hiyo alijikosesha kila sentensi. Alijiambia kwamba kijana alijua. Kisha akajiambia hapana, asingenyamaza, yule ni mtoto aliyelala mgongoni mwake. Kisha akakumbuka uani, mdomo uliofunguka na kufungwa. Hasira ilimpanda, aibu ikaishusha, hasira ikapanda tena, na katikati ya vyote hivyo miguu ilikwenda mbele hadi kwenye lango la kiwanda, mahali alipoapa kwamba hatakanyaga.

Zamu ilikuwa inatoka. Wanaume walipita wakiwa wameinamisha vichwa, wakimpisha. Kitinda alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipomwona dada yake amelowa chini ya bomba la moshi, alitupa macho nyuma yake kwanza kama anatafuta jeneza.

"Nani amekufa?"

"Ulijua," alisema dada.

Kitinda hakuuliza amejua nini. Alimvuta pembeni, kwenye ukuta uliokuwa na nafasi ya kujikinga, na pale, akiangalia viatu vyake, akasema. Sisi huku tunaoshea mapipa kwa tindikali, alisema, na tindikali ikimwagikia sakafu ya chokaa hutoa povu. Siku moja alimpitia dada uwanjani amsaidie kushuka kisimani, akaona povu lile lile chini ya kitambaa. Aliamua amwambie jioni. Jioni ndiyo aliyosimamishwa uani.

"Ndiyo ulikuwa wakati wenyewe wa kusema," dada alisema. "Mimi nakuita mla mama, wewe una jibu mdomoni, unalimeza?"

"Ningelitema vipi, dada? Mbele ya majirani? Umenibeba, umeacha shule kwa ajili yangu, halafu nikwambie ni wewe?" Alipangusa pua kwa mkono. "Nikasema hasira zikiisha nitamwambia. Hazikuisha."

"Pua ingekuwepo."

"Najua."

"Macho yangekuwepo, Kitinda. Wewe humjui mwingine. Mimi ninaye kidogo kichwani, wewe ulikuwa na lile jiwe tu."

"Najua, dada. Nilikuwa napita nalitazama likiisha. Unafikiri nilikuwa napita macho yamefumbwa?"

Hapo Bi Ng'arisha alilia. Alilia kwa kukasirika, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia aliyebaki, na machozi na mvua vikachanganyika, na vyote viwili vilichoma macho. Kitinda alisimama karibu naye. Alisema kwamba bomba la pili la moshi bado halina chujio, kwamba wafanyakazi wamelidai na wameahidiwa na wamedai tena, na kwamba mvua ile iliyochakaza mabega na mabati na sanduku la picha haikushuka kwa bahati mbaya, yeye mwenyewe huchochea moto wake kila siku. Hakuna wa kumwondolea hatia hiyo.

"Basi tugawane," dada alisema, akipenga kamasi. "Mabega yako. Uso wangu."

"Na sikio?"

Dada alishtuka kwamba hilo pia analijua. Kitinda alisema alishawahi kupanda kisimani mwenyewe akapapasa nyuma ya kitambaa cha kichwa, kutafuta kama kuna mahali ambapo dada hakufika. Alilikuta. Alikaa na siri hiyo kama mtoto aliyeficha peremende, na mara nyingine akitoka zamu hupita, anaingiza kidole, anagusa tundu la hereni, anakwenda nyumbani. Weusi wake hajaufuta.

"Sikio litakuwa la wote," dada alisema.

Wakaanza kutembea. Mvua ilikuwa imepungua ikawa rasharasha, na barabara ilitoa harufu ile ya kiberiti. Kwenye njia panda ya kwenda nyumbani na ya kwenda uwanjani, wote wawili walichukua ya uwanjani bila kuulizana. Hapo mwanga ulimpiga Kitinda upande, na dada akaona shavu lake lina masizi, alama nene kutoka chini ya jicho hadi taya. Mkono wake ulishatoa kitambaa mfukoni kabla hajafikiri. Tangu utoto wa kijana huyu, uso wake ukichafuka, mkono ule ulikuwa njiani. Sasa ulifika karibu na shavu ukasimama hewani, haukujua uende wapi.

Kitinda aliutazama mkono, akamtazama mwenye mkono. Akainama kidogo, kama yule mama wa jiwe.

"Futa tu, dada," alisema. "Mimi si jiwe."

Bi Ng'arisha alikinusa kitambaa. Kilikuwa na ndimu. Akakirudisha kwenye aproni, akamfuta kwa kiganja.